Anayeacha Pombe Asiachwe Peke Yake



Wako wanachama wasemao kwamba habari ya pombe si habari ya chama. Husema kazi ya chama ni mshahara, saa za kazi, nyumba na matibabu, na mambo ya mtu na chupa yake ayamalize yeye na mke wake, au yeye na padri wake. Sisi tunaotembelea matawi hatukubaliani nao. Mwanachama akikutwa amelewa kazini, chama huitwa. Tunakaa mbele ya meneja, tunasoma vifungu vya mapatano, tunaomba asikilizwe. Lakini siku ile mwanachama huyo huyo anaposema, "Basi, nimeacha," haitwi mtu. Siku hiyo haina barua wala kesi, na wengi huona haina kazi kwa chama. Sisi tunasema ndiyo siku anayotuhitaji zaidi.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatuandiki haya ili kuwakataza watu kunywa. Wako wenzetu wanaopata riziki yao katika viwanda vya bia vya Luzira na Njeru, nao ni wafanyakazi kama sisi. Wako akina mama wengi mitaani kwetu waliosomesha watoto kwa kupika malwa na kwete. Anayekunywa kiasi chake jioni, akalala, akaamka na kwenda kazini, hatuna neno naye. Tunamsema yule ambaye pombe imemshika, mwenyewe anajua imemshika, na asubuhi moja ameamua kuacha. Mtu huyo ana siku kama kumi ngumu mbele yake. Habari yetu leo ni siku hizo kumi.

Asiyekunywa hudhani kwamba anayeacha pombe anaacha kinywaji tu. Sivyo. Nendeni jioni katika kambi yoyote ya wakata miwa huku Busoga, au nyuma ya gereji za Tororo na Mbale. Mtakuta chungu cha malwa katikati, birika la maji ya moto pembeni, na watu kumi au kumi na watano wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kikundi kile kina mwenyekiti. Kina mweka hazina. Kina faini kwa anayetukana na kwa anayeleta ugomvi. Mtu akifiwa, wanachanga. Mgeni aliyefika juzi kutoka Arua au kutoka Kitale, asiyejua lugha ya huku, anakaribishwa pale kwa Kiswahili chake, na kabla ya wiki kwisha ameshajua ni mnyapara gani mkali, ni duka gani linakopesha, na kibarua cha Jumapili kinapatikana wapi. Kwa kweli viko vikundi vya malwa vinavyokutana kwa utaratibu mzuri kuliko matawi yetu, na mahudhurio yao hayahitaji kupigiwa kengele.

Sasa mtu huyu akiamua kuacha, mrija wake unabaki umening'inia ukutani. Saa kumi na moja za jioni zinafika. Rafiki zake wote wako pale. Habari zote ziko pale. Anadai pale na anadaiwa pale. Yeye yuko chumbani mwake, na ukuta wa kambi ni mwembamba, anasikia kicheko chao. Akirudi siku ya tatu watu husema hana moyo. Sisi tumewaona wengi waliorudi kwa sababu ya kicheko kile, wala si kwa sababu ya kiu. Mtu hawezi kukaa bila watu. Ukimwambia aache chungu usimpe mahali pengine pa kukaa, umemwambia aache kijiji chake chote.

Waragi ni habari nyingine kidogo, maana wengi huinywa bila baraza, haraka, kabla ya zamu au katikati ya zamu. Serikali imejaribu sheria. Ile ya enguli ilitungwa miaka ya 1960, nayo ilitaka mpishaji awe na leseni. Mwaka 2019 vile vifuko vidogo vya plastiki, ambavyo mtu aliweza kuficha vitatu ndani ya kiatu cha kazini, vilipigwa marufuku. Tulifurahi. Hata hivyo, mitungi ya vichakani inaendelea kuchemka, na kila mtu anakumbuka mwaka 2010 kule Kabale, makumi ya watu walipokufa kwa waragi iliyotiwa methanoli. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2016 kila mtu mzima nchini Uganda, ukigawanya sawasawa wanywao na wasiokunywa, alikunywa lita 9.5 za spiriti tupu. Wasiokunywa ni wengi, kwa hiyo msomaji anaweza kukisia wanaokunywa walikunywa kiasi gani.

Tukitoka kwenye baraza, tuje kwenye mwili. Hapa tunaomba msomaji asome polepole, maana watu hufa kwa kutojua jambo hili.

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, mwili wake umezoea kufanya kazi na pombe ndani yake. Akiikata ghafula, mwili unaasi. Saa sita mpaka kumi na mbili baada ya kikombe cha mwisho, mikono huanza kutetemeka. Jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, tumbo linakataa chakula, usingizi hauji. Ndiyo maana asubuhi watu huzimua: kikombe kimoja na mikono inatulia. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Katika siku hizo mbili za kwanza wengine huanguka kama wenye kifafa, hata kama hawajapata kuanguka maishani mwao. Na kati ya siku ya pili na ya nne wako wachache ambao akili inawapotea kabisa. Huona wadudu wakitambaa ukutani, husikia wakiitwa majina, huwa na homa kali, hutaka kukimbia nje usiku. Hali hiyo huua ikiachwa bila matibabu. Asiyefika huko huanza kupata nafuu siku ya tano mpaka ya saba, ingawa usingizi unaweza kuchelewa kurudi kwa wiki kadhaa.

Sasa fikirini yanayotokea kambini. Mtu anatetemeka na kutoa jasho, jirani anasema ni malaria, anakwenda kununuliwa vidonge vya malaria. Mtu anaona wadudu wasiokuwako, jirani anasema amerogwa, anapelekwa kwa mganga mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mwingine anafungiwa ndani na ndugu zake "mpaka pombe imtoke". Hao ndugu hawana nia mbaya. Wanampenda. Lakini mlango umefungwa kwa nje na yeye anaanguka peke yake sakafuni.

Au fikirini dereva wa lori la Mombasa. Amelala Malaba akingoja karatasi zake za forodha, ameamua pale pale kwamba ameacha, hakumwambia mtu, hata tanboi wake. Kesho yake jioni anashika usukani kuelekea Kampala. Ni saa ya ishirini na nne tangu kikombe cha mwisho. Amefanya uamuzi mzuri, lakini kama angemwambia mtu mmoja tu asingekuwa barabarani jioni ile.

Kwa hiyo tunasema hivi. Anayekunywa mara moja kwa wiki anaweza kuacha leo na kulala salama. Anayekunywa kila siku, anayeamka akitetemeka, au aliyewahi kuanguka alipojaribu kuacha zamani, asiache bila kupitia kwa daktari. Dawa ziko, si za ajabu wala si mpya. Daktari humpa diazepamu kwa siku chache, akipunguza kidogo kidogo, ili mwili utulie. Humpa pia vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini, na ikikosekana ubongo huharibika. Hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955, ina kitengo cha watu wa pombe na madawa ya kulevya. Butabika ni mbali kwa mtu wa Busoga au wa Bugisu, lakini hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zina vitengo vya magonjwa ya akili, na waganga wa huko wanaijua hali hii. Neno hilo "akili" linawaogopesha watu. Tumewasikia wanachama wakisema heri wafe kuliko kuonekana wakiingia mlango ule. Hapo ndipo mwenzako wa kazini anafaa kuliko daktari, kwa sababu daktari hawezi kuja kukushika mkono kutoka kambini, na mwenzako anaweza.

Tunamkumbuka mwanachama mmoja wa boila katika kiwanda ambacho hatutakitaja. Aliacha siku ya Ijumaa. Alimwambia katibu wa tawi lake, na katibu hakucheka. Aliandika barua kumwarifu msimamizi kwamba mtu huyu ni mgonjwa, akaipeleka mwenyewe. Jumapili asubuhi mtu wa boila alianguka. Walikuwako wawili wa tawi, wakamlaza ubavu, wakaondoa jiko karibu naye, wakamfikisha hospitali kwa pikipiki, mmoja mbele na mmoja nyuma, yeye katikati. Walikaa naye usiku tatu kwa zamu, kwa sababu pale mgonjwa bila mtu wa kumwangalia hata maji hapati. Siku ya kumi alirudi kazini, amekonda lakini mikono imetulia. Akakuta barua ya kuachishwa kazi. Msimamizi alisema hakupata habari yoyote. Barua ya katibu ilikuwa ndani ya mtoto wa meza yake.

Katibu yule alikuwa na nakala iliyogongwa mhuri wa mapokezi, wenye tarehe. Kesi iliishia pale. Mwenzetu alirudishwa, akahamishiwa stoo kwa mshahara ule ule, jambo ambalo hata sisi tuliliona la haki, maana mtu aliyetoka kuanguka juzi hafai kusimama mbele ya moto. Makatibu wa matawi wasikie: bila mhuri ule mtu yule leo angekuwa barazani kwenye chungu, na sisi tungekuwa tunasema hana moyo.

Sheria iko upande wetu kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza, ili mradi amemwarifu mwajiri na analeta cheti cha daktari akitakiwa. Mwezi wa pili ukiisha naye bado mgonjwa, mwajiri anaweza kumwachisha. Siku kumi ni chache sana ndani ya muda huo. Sheria hiyo hiyo inasema mtu asifukuzwe kwa makosa bila kusikilizwa, na anaweza kuja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Nalo Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1996 juu ya pombe na madawa ya kulevya mahali pa kazi. Mwongozo huo unasema tatizo la pombe litazamwe kama tatizo lingine lolote la afya, siri ya mtu itunzwe, na kwamba kuwa na kazi kwenyewe mara nyingi humsaidia mtu kupona. Mwongozo si sheria, mwajiri hawezi kushtakiwa kwa kuupuuza. Lakini katika meza ya mapatano unafaa, na tumeshangaa kuona mameneja ambao hawajapata kuusikia.

Wakati huo huo tusidanganyane. Dereva aliyelewa hatumtetei aendelee kushika usukani, wala mtu wa mashine ya kusaga miwa. Tunachodai ni kwamba akisimamishwa kwa usalama wake na wa wenzake, asifukuzwe siku ile anayosema anataka matibabu. Mwajiri anayemfukuza mtu kwa kusema kweli anawafundisha mia wengine kuficha.

Kazi hii ya kukaa na mtu si uvumbuzi wetu. Mwezi wa Mei mwaka 1935, Mmarekani mmoja aliyeitwa Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa katika hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa na miezi mitano tu bila pombe. Biashara iliyomleta ilikuwa imevunjika, mfukoni alikuwa na fedha kidogo, na baa ya hoteli ilikuwa hapo hapo karibu naye. Hakwenda baa. Alikwenda kwenye simu akaanza kupigia makanisa, akiuliza kama wanajua mlevi yeyote mjini ambaye angeweza kuzungumza naye. Hatimaye alikutanishwa na daktari mpasuaji, Bob Smith, ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka. Walikaa pamoja masaa mengi. Daktari Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ambayo leo iko katika nchi nyingi, na vikundi vyake hukutana Kampala na Nairobi pia. Hakuna ada ya kuingia. Tunapenda kuongeza kwamba Akron ulikuwa mji wa viwanda vya matairi, na mwaka huo huo wa 1935 wafanyakazi wa mpira walianzisha chama chao katika mji huo huo. Hatusemi mambo hayo mawili yaliungana. Twasema tu kwamba mji mmoja katika mwaka mmoja uliona watu wa aina mbili wakigundua kwamba mtu peke yake hawezi.

Msomaji aangalie vizuri alichofanya Wilson. Hakutafuta mhubiri. Alitafuta mlevi mwenzake. Huku kwetu wahubiri tunao wa kutosha. Wako waliookoka wakaacha pombe siku hiyo hiyo, na kanisa likawapa mahali pa kukaa kila jioni. Hao tunawaheshimu, nao wamesaidia wengi kuliko sisi. Wako Waislamu wanaorudi msikitini na kupata jamaa huko. Lakini yuko pia yule asiyetaka kusali kwanza ndipo apewe chai. Mtu huyo naye analipa ada ya chama.

Sasa tunaomba nini kwa matawi? Si fedha nyingi. Tunaomba kila tawi lipate watu wawili, na ikiwezekana mmoja wao awe amewahi kuacha pombe mwenyewe. Mwanachama akisema ameacha, wawili hao waende kwake jioni ile ile, saa ya chungu, wala wasingoje mkutano. Wajue ni nani wa kumpigia simu usiku na pikipiki ya nani iko karibu. Wasiende na mahubiri. Waende na sukari na majani ya chai, kwa sababu wengi katika siku hizo hutaka kitu kitamu, na waende na ludo au omweso. Wacheze. Wazungumze habari za mpira. Saa mbili ngumu zikipita, jioni imepita. Kama anaweza kutembea, wamchukue kwenye nyumba nyingine yenye watu, kwa maana tumesema shida yake kubwa ni kile chumba.

Mke wake aulizwe pia. Mara nyingi yeye ndiye anayejua kiasi anachokunywa kwa kweli, maana mwenyewe atasema vikombe vitatu. Na mara nyingi yeye amechoka kabisa, amesikia "nimeacha" mara saba, na ya nane haamini. Tusimlaumu. Anahitaji usiku mmoja wa kulala huku mtu mwingine akiwa macho.

Kwa wanachama wanawake jambo hili ni gumu zaidi. Wako wanaokunywa, na wengi hunywa kwa kujificha kwa sababu aibu yao ni kubwa kuliko ya mwanamume. Kuwapelekea wanaume wawili wakae nao usiku ni kuwaongezea maneno ya mtaa. Kamati za wanawake zichague watu wao wenyewe, na ofisi isidai kuletewa majina.

Halafu iko siku ya mshahara. Mtu anaweza kushinda siku tisa na kushindwa siku hiyo moja. Siku hizi mishahara ya wengi huingia kwa simu, na wenye baa wanajua saa inapoingia kuliko sisi. Wako wanaotaka chama kishike mshahara wa mwanachama au laini yake ya simu mpaka apone. Sisi tunakataa. Mshahara ni wake, na chama kilichopigana na waajiri juu ya makato hakiwezi kuanza makato yake. Bali mtu mwenyewe anaweza kupanga siku moja kabla: hii ni ya ada ya shule, ilipwe moja kwa moja, hii ni ya ushirika wa akiba, hii ni ya unga. Ikipokelewa iwe tayari ina kwao. Nalo deni la pombe lilipwe, kwa sababu mama yule naye ana watoto. Lakini alipeleke mtu mwingine. Anayekwenda mwenyewe kulipa deni la malwa atapewa mrija, wala si kwa ubaya, ni kwa adabu ya nyumba.

Wenzake wa kwenye chungu nao tunawaomba jambo moja. Msimjaribu. Tunajua ile tabia ya kumpelekea mtu kikombe mlangoni na kumwita mlokole, kumwita mzungu, kusema amejitenga. Mwenyekiti wa kikundi ana faini kwa ugomvi. Aweke na faini kwa hili. Vikundi viwili tunavyovijua vimefanya hivyo bila kuambiwa na chama, na kimojawapo kiliendelea kumchangia mtu wao alipofiwa na mama yake, ingawa alikuwa hana mrija tena kwa miezi mitano. Tukisema wako wanaofanya kazi ya chama bila kadi ya chama, ndio hao.

Wako watakaouliza: akirudi kunywa je, baada ya sukari yote ile? Atarudi, wengine watarudi. Wengi walioacha kabisa hawakuacha mara ya kwanza. Lililo muhimu ni kwamba akirudi kunywa mwezi mzima halafu akataka kuacha tena, ile hatari ya siku tatu za kwanza iko pale pale, na kwa wengine ni kubwa kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo wawili wale waende tena, na waende haraka. Mwanachama ambaye amefeli mara mbili kutafuta kazi nyingine hatumwambii asilete barua ya tatu.

Matawi yatakayopata watu wao yaijulishe ofisi kabla ya mshahara wa mwisho wa mwezi huu. Tupeni idadi tu. Majina ya wanaosaidia yajulikane kwa wanachama kwa mdomo, na majina ya wanaosaidiwa yasiandikwe mahali popote, wala yasisomwe katika mkutano hata kwa nia ya kuwapongeza. Barua yoyote ya ugonjwa inayokwenda kwa mwajiri iwe na nakala yenye mhuri na tarehe, na nakala hiyo ikae kwa katibu, si kwa mgonjwa.

Na kama msomaji mwenyewe ndiye aliyeanza jana, mikono inatetemeka na chakula hakipiti, asingoje watu wawili wa tawi wapatikane. Amgongee jirani sasa hivi. Waende pamoja kituo cha afya au hospitali, usiku huu huu, na akifika amweleze daktari mambo matatu bila kupunguza: alikuwa anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, na kikombe cha mwisho kilikuwa saa ngapi.